Doh Imehama

Mama alinyanyua mkono wa kushoto, ule asioutumia kuhesabia mapigo, kwaya ikakatika katikati ya ubeti wa kwanza. Kisha mbele ya maharusi, wachungaji wawili, wasimamizi, ukoo wa bwana harusi uliojaza basi zima kutoka Korogwe, na mpiga video mmoja asiye na huruma, akaniambia kwa ile sauti ya mwalimu mstaafu isiyohitaji kipaza sauti: "Baba, toa mikono hapo."

Hapo ni kwenye kinanda. Baba ni mimi, mwanawe wa kwanza, mtu mzima mwenye mvi na mkopo wa benki. Nikaitoa mikono, nikailaza magotini. Mpiga video akaifuata hukohuko, akaisogelea, akakaa nayo muda mrefu kuliko aliokaa na pete.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili jioni kipande kilishaingia kwenye kundi la ukoo. Mjomba wa Mwanza, ambaye salamu zetu za Krismasi huzijibu Pasaka, alijibu papo hapo kwa vikaragosi vya kucheka mpaka machozi, vimejaza kioo kizima. Leo asubuhi nimekipokea tena, safari hii kutoka kwa fundi wangu wa gari, ambaye si ndugu, si Mlutheri, wala hajui kwamba mwenye magoti yale ni mimi. Kimeshawekewa maandishi: "Doh imehama bila kuaga."

Basi nieleze. Sijitetei, naeleza tu, kwa sababu kilichotokea pale ni jambo la kuvutia kabisa, ukiniondoa mimi.

Doh haina kwao. Piano ina C yake. Ipo pale ilipo, na ukiiacha ukarudi baada ya mwaka utaikuta. Doh ni sauti yoyote mliyokubaliana iwe doh. Mkishakubaliana, nyingine zinajipanga zenyewe: re hatua moja juu yake, mi hatua nyingine, fa nusu hatua tu, halafu so, la, na ti, ambayo imebakiza nusu hatua kuifikia doh ya juu na kila mwenye masikio anaisikia inavyohangaika. Asomaye nota za mistari mitano anajua kila sauti inakaa nyumba namba ngapi. Asomaye sol-fa, yaani hizi doh, re na mi, hana habari na namba ya nyumba. Anachojua ni nani jirani ya nani.

Mambo haya yalianza kwa mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, aitwaye Sarah Glover, aliyetaka watoto waimbe vizuri kanisani bila kupitia mateso ya mistari. Mchungaji John Curwen akauchukua utaratibu wake katika karne ya 19, akaunyoosha, akaufanya kazi ya maisha yake, na wamisionari wakaupakia melini. Nikiulizwa mimi, uliota mizizi Afrika kwa sababu ya bei kuliko kwa sababu ya Roho. Nota za mistari zinataka mpiga chapa mwenye herufi maalumu. Sol-fa inataka herufi saba, nukta, nukta pacha, kistari na mstari wa wima, vitu ambavyo vimo katika taipureta yoyote ya ofisi ya misheni. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya huko Afrika Kusini, alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo tunayoisimamia wima tukiimba Mungu Ibariki Afrika, aliuandika kwa sol-fa. Watu wanaonicheka wanasimama kwa ukakamavu mbele ya doh, re na mi bila kujua.

Nyumbani kwetu Tanga, Ngamiani, hakuna aliyetufundisha mambo hayo tukiwa tumekaa. Mama hakuwahi kutuamsha kwa majina. Aliimba so akaishukia doh kutoka jikoni, na kama hukuitikia mi kabla hajafunika sufuria, chai ilikupita. Sala ya jioni ilikuwa ya sauti nne, nasi tulikuwa watano, jambo lililozaa matatizo yangu yote. Sauti tuligawiwa, hatukuchagua. Dada yangu alipewa ya kwanza kwa madai kwamba alizaliwa akiililia. Mdogo wangu akapewa ya tatu, Baba ya nne, na Mama akabaki na ya pili, inayokaa katikati na kujua siri za wengine wote. Mimi nilikuwa kiraka. Nani ana mafua leo? Ziba. Mtu akisafiri hatukusema tumemkumbuka. Tulisema ya tatu haipo. Nimewahi kuugua malaria nikaletewa uji kitandani na kuulizwa, kwa upendo mwingi, kama ninaweza angalau kushika la.

Hatukuwa peke yetu kwa kelele. Ukuta wa kulia ulituletea kaswida za watoto wa madrasa, wa kushoto ulituletea redio ya jirani, na hiyo ilikuwa Tanga ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, taarabu yenye gitaa la umeme. Mwimbaji wao Shakila akianza kuimba, Mama alipunguza moto wa jiko. Akiulizwa, mwalimu wa kwaya wa Kilutheri anasikiliza nini pale, alijibu kwamba anasikiliza pumzi tu, namna yule mama anavyovuta pumzi. Alizisikiliza pumzi hizo mpaka wali ukashika chini. Naye Bi Mkubwa wa upande wa redio, mtu wa swala tano, alizijua nyimbo zetu zote kwa kuzipokea dirishani. Siku moja alimwita Mama uani: "Shoga, mwanao wa tatu jana kashusha." Ikaonekana kweli alishusha. Mdogo wangu hakusamehe, maana kukosolewa na Mama ni jambo la nyumbani, lakini kukosolewa na mtaa ni aibu.

Baba alikuwa fundi wa mabango. Kinyozi, mkahawa, mganga, duka la pembejeo: milango mingi ya zile barabara zetu za namba ilisema kwa mkono wake. Alitumia rangi ya mafuta ya kopo juu ya hadibodi, vitu vilevile alivyotumia Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Na kwa kuwa Tingatinga alitoka Tunduru akapitia mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kwenda kupata jina, Baba alijihesabu ndugu yake wa kopo. Mwaka 1972 polisi walimpiga Tingatinga risasi kimakosa, akafa. Baba alipoisimulia habari hiyo alifunga kopo kwanza.

Rangi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya sanaa; ni ya kupaka baiskeli na milango. Ndiyo maana inang'aa vile, na ndiyo maana chui wa Tingatinga anaonekana ametoka kuoga. Lakini ina tabia mbili. Inachelewa kukauka, na inadondoka. Ikishadondoka na kukauka, uifute kwa nini?

Basi kwaya ya Mama ilikuwa na nakala moja tu ya wimbo mpya wa mavuno, na mashine ya kurudufia ya usharika ilikuwa imekufa. Baba akajitolea kuuandika wimbo mzima kwenye hadibodi kubwa, usimamishwe mbele ya waimbaji. Sauti ya kwanza nyekundu, ya pili kijani, ya tatu buluu, ya nne nyeusi. Pembeni kote, kwa kuwa alishindwa kuacha nafasi ikae bure, akajaza kanga, vipepeo na twiga mmoja aliyekuwa akisoma nota kwa kuinamia. Lilikuwa jambo zuri kupita kiasi. Na chini ya jicho la kanga mmoja, mbele tu ya herufi m ya kijani, tone la kijani lilidondoka.

Katika sol-fa nukta si pambo. Nukta pacha hutenga pigo na pigo. Kistari husema endelea kushika. Nukta moja hukata pigo katikati, na kama baada ya nukta hakuna kitu, maana yake ni kimya. Siku ya mazoezi sauti ya pili wakafika pale, wakaimba nusu ya mi, wakafunga midomo, wengine wakiendelea. Pakatokea tundu. Mama akasikia. Akalitazama bango, akamtazama mumewe aliyesimama mlangoni na brashi mfukoni, akafanya uamuzi wa ndoa. "Ndivyo ilivyoandikwa," akasema. "Tena."

Wimbo huo unaimbwa hivyo hadi leo. Kwaya za jirani zimeunakili pamoja na tundu lake. Kwenye mashindano fulani mwamuzi mmoja aliandika kwamba ule ukimya wa sauti ya pili unaonyesha ukomavu wa mtunzi. Karatasi hiyo Baba aliitundika chumbani, ndani ya fremu.

Nilipobalehe sauti yangu ilivunjika kwenye ibada ya Krismasi, katikati ya neno "amani", kiraka kikatoboka. Nikahamishiwa kwenye kinanda cha kukanyaga, na huko ndiko kesi ya Jumamosi ilikoanzia.

Kinanda cha aina ile hakina nyuzi. Ndani mna safu za vilimi vya shaba, kila kimoja kimebanwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili, juu ya tundu linalokitosha sawasawa. Miguu yako inafanya kazi ya mapafu kwenye viriba. Kidole chako kinafungua mlango mdogo. Hewa inapita, kilimi kinatetemeka. Kilimi kirefu kinatetemeka polepole na kutoa sauti nzito, kifupi kinatetemeka upesi na kutoa sauti nyembamba. Ukitaka kukipandisha sauti unakikwangua nchani, kiwe chepesi. Ukitaka kukishusha unakikwangua karibu na shina, kilegee. Ninajua kwa sababu niliufungua mgongo wa kinanda cha usharika kwa bisibisi ya Baba wakati wazee wa kanisa wako kikaoni, na sijawahi kuwa karibu na utukufu wa Mungu kuliko alasiri ile, nimelala chali vumbini, nikipuliza kilimi kimoja kimoja kwa mdomo.

Kinanda kile, kwa bahati mbaya, kilikuwa kinaishi Tanga. Hewa yetu ina unyevu na chumvi. Mbao zikavimba, springi zikashika kutu, na vitufe vyeusi vikaacha kurudi juu. Ukibonyeza kimoja kinaendelea kulia mpaka matangazo. Nikajifunza basi kupita kwenye vyeupe tu. Na kwenye vyeupe vitupu, doh inayokaa na jirani zake wote, kuanzia re hadi ti, bila kukwama ni moja, nayo ni C. Kizazi kizima cha usharika wetu kiliimba kila wimbo kwa C, wengine wakikwangua sakafu, wengine wakigusa dari, hawajui kwamba wanatii kutu.

Vinanda vya umeme vilipoingia, vyenye kile kitufe cha kuhamisha, nilidhani nimekombolewa. Kifanyacho kazi ndani ni hesabu ya darasa la kwanza. Kila kitufe cha kupigia kina namba; ile C ya katikati ni 60, inayofuata, nyeusi, ni 61, na kuendelea. Unapobonyeza, kidole chako hakigusi sauti yoyote. Kinatuma namba. Kabla namba haijafika kwenye sauti, mashine inaweza kuiongeza au kuipunguza kadiri ulivyoiagiza. Agiza tano, na 60 yako inafika ikiwa 65, ambayo ni F. Mikono inabaki palepale kwenye vyeupe, kwaya inaimba F. Yaani kiwandani huko walimchukua Sarah Glover wakamtia ndani ya plastiki. Siko peke yangu. Wapigaji wengi wa makanisani mwetu wanaishi kwa C na kitufe hicho, na waliosoma muziki chuoni wanatudharau, nasi tunawaombea.

Jumamosi, basi. Mpwa wangu anaolewa. Kwaya ya ukoo imeitwa imsindikize, Mama akiongoza, akiwa na miaka sabini na kitu na miwani miwili. Kinanda ni cha kikundi cha vijana cha sifa na kuabudu, na kijana wao alikuwa amekifanyia mazoezi Ijumaa usiku, akakiacha kwenye kuongeza nne. Kioo cha kinanda hicho kilishakufa taa, na dirisha la kanisa lilikuwa linamwaga jua juu yake. Wimbo wetu uko F. Nikabonyeza kuongeza mara tano, kwa heshima, nikihesabu kimoyomoyo. Nne na tano ni tisa. Tisa juu ya C ni A.

Watu wananiuliza: hukusikia? Hilo ndilo swali linaloniuma, maana nilisikia vizuri kabisa. Nilipiga utangulizi, doh ikawa doh, so ikawa so, ti ikapanda kwa doh yake, kila jirani yuko kwake. Sikio lililolelewa kwa sol-fa halina njia ya kujua kwamba mtaa wote umebebwa na kuwekwa ghorofa ya pili. Nilifurahi hata. Nikaona kinanda leo kinang'aa.

Wakaingia. Mistari miwili ya kwanza inatembea chini, kwa hiyo ilipita salama, na niseme ukweli, sauti ya nne hawajawahi kuimba vizuri hivyo maishani. Wajomba ambao miaka yote wamekuwa wakinguruma chini ya sakafu waligundua wana sauti, wakatazamana. Kisha wimbo ukaanza kupanda. Sauti ya tatu walifika mahali wakabadilisha gia na kuwa wanawake. Mmoja akaacha, akajifanya anatafuta ukurasa. Sauti ya pili ikagawanyika, nusu ikashuka chini kwenda kuishi na wajomba. Ikabaki ya kwanza, na kwenye ya kwanza yupo Shangazi Mkubwa, dada wa Baba, ambaye hajawahi kumwachia mtu nota na hakuona sababu ya kuanza siku ile. Doh ya juu ya wimbo ule kwa F ni ngumu. Kwa A ni ya waimbaji wa opera. Shangazi akaipandia kama mtu anayepanda mnazi bila kamba. Kilichomtoka hakikuwa doh wala ti, kilikuwa ombi. Mtoto mmoja akaanza kulia nyuma. Mchungaji mkubwa akatazama paa. Bibi harusi, ambaye ni mwimbaji na damu yetu, akauma shela.

Nikajaribu kuirudisha. Nikapeleka kidole cha shahada kwenye kitufe cha kupunguza, jua likanidanganya, ngoma za ndani ya kinanda zikaanza kupiga chacha.

Hapo ndipo mkono wa kushoto uliponyanyuka.

Mama hakuniangalia tena. Akafungua mkoba, akatoa kile chuma chake cha miguu miwili alichopewa ujanani na mwalimu wake kule Lushoto, akakigonga kwenye fundo la kidole, akakisimamisha nyuma ya sikio. Chuma hicho kinajua sauti moja tu, la ya wazungu, A, mitetemo 440 kwa sekunde, na hakiulizi umeme upo au haupo. Akaipokea sauti ile, akaiita mi, akashuka re, akatua doh: F, ileile iliyoandikwa. Akaigawia kila sauti ya kwake kwa kunong'ona. Akahesabu. Wakaimba bila mimi, bila kitu chochote, na ilikuwa nzuri kiasi kwamba mpiga video alisahau magoti yangu kwa ubeti mzima.

Jioni kwenye karamu alinijia na sahani yake. "Nilijua tangu utangulizi," akasema. "Uliiweka doh kwenye A yangu. Mimi na hiyo A tumekaa miaka hamsini."

"Mbona hukunisimamisha kwenye utangulizi, Mama?"

"Nilitaka nione Shangazi yako ataishia wapi."

Nikiendelea na hesabu za siku ile: mpambaji alilipwa. Mshereheshaji alilipwa, akaongezewa. Mwenye maspika alilipwa nusu kabla hajateremsha waya. Mpiga video, Mungu amhukumu, alilipwa. Kwaya ilipewa soda na kuambiwa Mungu awabariki. Najua hili ni la kuchekesha. Nimelicheka miaka mingi. Fundi bomba akija kanisani analeta ankara, fundi umeme analeta ankara, hata anayefukuza popo ana bei. Anayetunga, anayenakili kwa mkono sauti nne hadi usiku wa manane, anayefundisha watu thelathini mi na fa kwa msimu mzima, huyo ana kipaji, na kipaji ni sadaka. Sina hakika ni nani aliyetenga kipaji na ufundi. Baba alikuwa na vyote viwili, na alilipwa kwa kimoja tu, tena na vinyozi.

Aliuchora ukuta wa madhabahu wa usharika wetu bure. Ilimchukua Kwaresima nzima, juu ya jukwaa la magogo, madirisha yamefungwa ili vumbi lisishike rangi mbichi, akivuta ile harufu mpaka akawa anakohoa usiku. Alichora ziwa, mitumbwi, mitume waliovua samaki wenye madoa, na kanga mmoja kwenye kona kwa ajili ya Mama. Miaka baadaye kamati ya ukarabati ilipaka ukuta rangi ya maziwa na kutundika bango la plastiki la kuchapishwa, lenye machweo ya nchi sijui ipi na msitu wa misonobari. Mchapaji alilipwa; iliandikwa kwenye taarifa ya mapato na matumizi, tukasomewa kwa sauti. Baba hakuarifiwa. Aliuona Jumapili, pamoja na sisi wengine, akiwa amesimama kwenye sauti ya nne. Aliimba ibada yote. Nyumbani aliniambia tu kwamba yule aliyepaka hakupiga msasa kwanza, kwa hiyo rangi ya mafuta itarudi kujitokeza. Alikufa kabla haijajitokeza. Mimi bado naikagua, na kuna mahali, upande wa kushoto, pameanza kubabuka.

Yaliyobaki kwenye historia yetu ni madogo. Dada alizirai kwenye Haleluya, akaanguka juu ya sauti ya tatu. Mdogo wangu aliwahi kuongoza sala ya wafu kwenye ubarikio. Mjusi aliishi kwenye viriba vya kinanda mwaka mzima na kutoka siku ya Pentekoste, mbele ya dekano. Nyota ya Bethlehemu ya Baba ilikuwa mbichi, ikamshika malaika nywele.

Mama amepitisha uamuzi, na ukoo umeuunga mkono kwa vidole gumba: nijifunze F, F ya kweli, na kile kitufe cheusi chake kimoja, kabla ya harusi ya mpwa wa pili. Mwalimu nimetafutiwa. Ni yule kijana wa sifa na kuabudu, yule wa kuongeza nne. Nilimpigia simu jana, nikamweleza kwa unyenyekevu, nikamalizia kwa kumtakia baraka za Bwana. Akanyamaza kidogo, halafu akanitumia bei yake kwa saa, na namba ya kulipia, na ujumbe wa pili unaosema nitume na ya kutolea.